Mbuzi Kwenye Mashua ya Momela

Ziwa la Momela unaweza kulizunguka kwa miguu asubuhi na bado ukaukuta uji nyumbani, ilimradi nyati wasikuone. Ndiyo maana sisi watoto wa shule tulicheka mpaka mbavu zikauma, Mjerumani wa shamba la jirani alipounda mashua ya mbao, akaichomekea bendera ya Kaisari na kujenga gati nne kandokando ya ziwa. Kwao, alituambia, watu husafiri hivyo kando ya pwani nzima: wanafika gatini, wanafunga kamba, wanakunywa bia, wanalala, kesho gati nyingine. Kwenye gati zake bia haikuwepo. Kulikuwa na viboko, na mavi ya viboko.

Mimi nilikuwa mpiga kasia wake kila Jumamosi, kwa sababu kati ya wanafunzi wote ni mimi peke yangu niliyeapa kwamba najua kuogelea. Mpaka leo sijui.

Jumamosi moja kaka yangu alikuja mbio mpaka gatini kwetu, isale mkononi, huku akivuta beberu wa kuombea radhi kwa kamba. Isale ni jani refu la kijani. Kwetu Wameru, ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha. Na kaka alikuwa amekosa kweli. Kwenye pombe ya ndizi aliiruka miguu ya baba wa mchumba wake, mzee wa watu amekaa kainyoosha, na kwetu kumruka mkwe miguu ni tusi. Mzee hakugomba. Alituma habari tu kwamba kuna posa nyingine inakuja mchana ule, na yeye ataipokea.

Boma la mzee liko ng'ambo ya ziwa, na kwenye njia ya msituni tembo walikuwa wamesimama tangu alfajiri, wanakula taratibu. Wao hawakuwa na haraka ya kuoa.

"Bwana, tuvushe," kaka akamwambia Mjerumani.

"Vizuri. Lakini mashua hii ina utaratibu. Tunasimama kila gati."

"Bwana, mke wangu anaondoka!"

"Kila gati," akasema, akapuliza filimbi.

Gati ya pili tulishuka wote, hata beberu. Tukafunga kamba, Mjerumani akawavulia kofia ndege, tukafungua kamba, tukapanda tena. Kaka alikuwa hajawahi kukaa juu ya kitu kinachocheza. Akaing'ang'ania mashua kwa mikono miwili, na ili aishike vizuri akalichomeka isale mgongoni, kwenye fundo la shuka aliyojifunga lubega. Nyuma ya mgongo huo alikaa beberu.

Nilimwona beberu anatafuna, nikadhani anacheua.

"Kaka, isale liko wapi?"

"Mgongoni."

"Lilikuwa."

Akageuka na kumrukia beberu ampanue kinywa. Mashua ikalala ubavu, Mjerumani akapiga kelele za kwao, na mimi nikakikumbuka kile kiapo changu cha kuogelea. Kilichotoka kinywani mwa beberu ni mate na uzi mmoja wa kijani.

"Turudi, bwana," kaka akasema kwa sauti ndogo. Masale hayaoti huku chini ziwani, yako juu mlimani, penye migomba.

"Gati ya tatu iko mbele," akajibu Mjerumani.

Tukasimama ya tatu. Ya nne ndiyo ya chini ya boma la mzee. Tulimkuta amekaa nje kwenye kigoda, miguu kainyoosha vilevile. Kaka aliizunguka kwa mbali utadhani anazunguka shimo.

"Shikamoo, baba."

Mzee akaitazama mikono ya kaka. "Umekuja na nini?"

Kaka akaificha mikono nyuma.

"Amekuja na isale, baba," nikasema mimi. "Ila liko ndani ya mbuzi."

"Ndani ya mbuzi?"

"Muulize bwana huyu."

"Amelila," akasema Mjerumani, filimbi shingoni. "Kati ya gati ya pili na ya tatu."

Mzee akamvuta beberu, akampanua kinywa, akanusa. Meno yalikuwa ya kijani. Akarudi kukaa. Uso wake haukucheka, lakini tumbo lilianza kumruka.

"Isale likishaingia bomani kwangu siwezi kulifukuza," akasema mwishowe. "Hili limeingia kwa miguu minne, lakini limeingia. Hao wengine wakija watakunywa maji, watarudi kwao."

Kaka akakaa chini palepale. Mimi nilikuwa nimepiga kasia tangu asubuhi na tumbo tupu.

"Sasa baba, tunamchinja saa ngapi?"

"Wewe kijana, kisu kipasue tumbo lenye isale? Huyu hachinjwi."

Kwa hiyo hatukula nyama. Beberu yule yupo mpaka leo, amenenepa, na kwenye harusi alikula ndizi za wageni bila mtu kumgusa. Jioni tuliambiwa tembo wameondoka njiani, kaka akarudi kwa miguu huku anapiga mluzi. Mimi nilirudi na mashua, na tukasimama kila gati.