Siku Injini Ilipokuwa Chini

Kimya ndicho kinachonijia kwanza. Gari la baba lilikuwa na kelele za kumlazimisha mtu apaze sauti ili asikike na aliyekaa naye bega kwa bega, lakini likifika juu ya kilima baba alikuwa akiizima injini, nasi tukaanza kuteremka hivyo hivyo, hatusikii kitu ila upepo, mbao za bodi zikilia, na kokoto zikirukia matairi. Barabara ya kutoka kwetu Kengeja, kusini ya kisiwa, kwenda mjini Chake ni kilima na bonde, kilima na bonde, na baba hakuacha mteremko hata mmoja upite bure. Chini bondeni alikuwa akitia gia, gari likashtuka kidogo na kujiwasha lenyewe. Yeye alikuwa akiokoa petroli. Kwetu sisi, mteremko ndio uliokuwa wakati wa mazungumzo. Mama alikuwa akianza habari juu ya kilima, injini ikiwaka anainyamazia, kisha anaiendeleza kilima cha pili pale pale alipoiachia, na baba akicheka kabla hata habari haijafika penye kuchekesha.

Baba yangu, Faki, alikuwa na kigari cha mizigo kilichokwisha kupita mikono mingi kabla ya kumfikia. Alfajiri kilipeleka muhogo na ndizi sokoni Chake, mchana kikarudi na abiria na magunia matupu. Mama yangu, Bi Time, alikuwa mtu wa Gando, upande wa Wete, kaskazini kabisa, na aliletwa Kengeja kwa ndoa. Nilikuwa nimeshaanza chuo cha Kurani na bado sijaingia skuli pale bibi yangu, mama yake mama, alipopigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa na ulimi ukawa mzito. Mjomba Hamad, kaka yake mama, na mkewe ndio waliokuwa wakimtunza, na walimtunza vizuri. Lakini mama alikuwa binti pekee, na Bibi, kila mlango ulipolia, alikuwa akigeuza jicho lake zima kutazama kama aliyeingia ni yeye.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Waingereza, watu wanagombana kwa siasa hata misibani, na magari ya mikutano yanakunywa petroli kama maji. Meli ikichelewa, duka la Chake lilikuwa likiwagawia wenye magari kidogo kidogo, kila mtu na debe lake. Debe hilo lilitosha kazi za baba. Safari ya Gando, kwenda na kurudi, ililimaliza lote. Hivyo mama akawa anakwenda mara moja moja, na baina ya safari na safari kifurushi chake cha kanga kilikaa tayari juu ya sanduku. Nakumbuka jioni moja akikuna nazi, hakuinua uso, akauliza, "Baba Mize, safari hii tutakwenda lini?" Baba akamjibu kwamba akienda Gando wiki ile, muhogo wa watu utaozea barazani. Mama akasema, "Haya." Baba akatoka kwenda kuliangalia gari kana kwamba ndilo lililosema naye.

Wazo lake alilitoa kwenye trekta. Alikuwa ameliona moja la serikali likiwashwa kwa petroli, na injini ikishapata moto linahamishiwa mafuta ya taa, likaendelea kulima siku nzima. Mafuta ya taa hayakuwa shida. Kila duka la kijiji lilikuwa nayo, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na taa. Baba akafikiri: kwa nini gari langu lisiweze? Angefunga kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia tu, tangi kubwa litiwe mafuta ya taa, na bomba la shaba lizungushwe kwenye bomba la moshi ili mafuta yapate joto kabla ya kuingia kwenye injini. Alimweleza mama akichora kwa kijiti uani. "Siku mbili tatu gari litalala," alisema, "lakini baada ya hapo takupeleka Gando kila Ijumaa, mpaka uchoke." Mama akacheka, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa muda. "Sichoki mie," akasema. "Labda uchoke weye."

Basi uani kwetu kukageuka karakana. Baba alitandika mikeka mikongwe akapanga juu yake vitu vilivyotoka katika tumbo la gari: kabureta, plagi, mabomba, skrubu zilizotiwa kwenye vifuu ili zisipotee. Kila kitu kilisuguliwa. Bodi nayo ilifunguliwa, mbao nzito zikawekwa kando ili gari lipungue uzito. Mama alifukuza kuku wasipite juu ya mikeka, na jirani akija kuuliza kunani, mama ndiye aliyekuwa akimweleza habari za bomba la shaba, kwa maneno yale yale ya baba, kwa fahari kuliko hata mwenyewe. Sikupata kuwaona wazee wangu wakipendana waziwazi kama siku zile mbili, mmoja amejilaza chini ya gari, mwingine akimsukumia kikombe cha chai kwa mguu kwa sababu mikono ina unga.

Siku ya tatu asubuhi, jua likiwa limepanda, alikuja mtu na baiskeli. Alikuwa kijana wa Mtambile, penye barabara kuu, tuliyemfahamu kwa sura. Alishuka mbali kidogo na nyumba, akaja akiisukuma baiskeli taratibu, akatoa salamu, na alipoiona mikeka ile akasimama. Baba akatoka chini ya gari. Kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba habari imeletwa na gari la abiria kutoka Wete, kwamba mama mzee wa Gando kafariki alfajiri. Akaongeza, na hili alilisema huku akiangalia chini, "Bwana Hamad kasema wanamsubiri Bi Time aje amuoshe mama yake. Kasema nyinyi mna gari, mtafika."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakulia. Alilitazama gari, akaitazama mikeka, halafu akamtazama baba. Baba alikuwa ameshika kitu mkononi, sijui hata kilikuwa kitu gani. "Litachukua muda gani?" mama akauliza. Magari ya abiria ya Kengeja yalikuwa yameshaondoka na giza la alfajiri, na hayarudi ila mchana. Mama hakungoja jibu. Aliingia ndani, akatoka na kile kifurushi chake, akamwambia yule kijana, "Nipakie, mwanangu, unifikishe Mtambile. Pengine ntapata gari la kutoka Mkoani." Akakaa nyuma ya baiskeli, yeye mwanamke mtu mzima ambaye sikupata kumwona juu ya baiskeli maishani, akajifunika kanga uso, wakaenda.

Baba alianza kulirudisha gari kama lilivyokuwa zamani. Aliachana na bomba la shaba, akatafuta vyuma vya mwanzo, lakini vingine alikuwa ameshavikata ili vifae kwa kazi mpya. Akaona njia ya haraka ni kumaliza kile alichokianza. Wanaume wawili wa jirani walikuja kumsaidia. Skrubu moja ikimponyoka baba alikuwa akiisaka kwenye vumbi kwa viganja vyote viwili, kama kipofu, akisema, "Ya Rabi, ya Rabi." Adhuhuri ikaadhiniwa hajamaliza. Alisali pale pale kando ya gari na mikono yake haikutakata kwa kutawadha. Alasiri ilikaribia injini ilipokubali, ikatoa moshi mweupe wenye harufu ya taa iliyozimwa, na yeye akanipandisha mbele hivyo nilivyo, na nguo ya kuchezea. Baada ya Chake, injini imeshapata moto, alifungua koki, gari likahamia mafuta ya taa, na likaenda. Lilikwenda vizuri kabisa.

Tulifika magharibi. Watu walikuwa wametawanyika kutoka makaburini. Mjomba Hamad alimshika baba mkono akamwambia walingoja mpaka karibu na alasiri, kwamba kila kelele ya gari barabarani iliwainua watu kutoka kwenye majamvi, na kwamba mwisho wazee walisema maiti asicheleweshwe zaidi. Hakulisema kwa lawama, na labda ndiyo maana baba aliinamisha kichwa vile. Mama alikuwa amefika kabla yetu, kwa lori la kokoto na kisha kwa miguu, lakini naye aliwakuta wanaume wanarudi. Nilimtafuta kwenye chumba cha wanawake nisimwone. Nilimkuta nyuma ya nyumba, penye uzio wa makuti walipomwoshea Bibi. Udongo ulikuwa bado umelowa, na harufu ya karafuu maiti ingalipo. Mama alikuwa amechuchumaa, kiganja chake kimelala juu ya udongo ule wa majimaji, akiupapasa kidogo kidogo kama anayemlaza mtoto. Aliponiona akasema, "Mize, njoo ukae." Nikakaa. Tulikaa mpaka walipokuja kutuita.

Tulirudi Gando kwa hitima ya siku ya arubaini. Lile debe la petroli lililokuwa likiisha lote halikupungua ila robo, jambo ambalo katika siku nyingine lingemfanya baba asimame njiani awaonyeshe watu. Juu ya kila kilima alizima injini kama desturi yake, na kimya kikaingia, na mimi katikati yao nikingojea mmoja wao aseme kitu. Mteremko ukapita, na mwingine, na mwingine, hadi tukapita kijiji cha Ole. Mama alitazama nje. Baba alitazama barabara, lakini nilihisi mwili wake ukikaza kila injini ilipozimika, kama mtu anayengoja kuitwa. Tulikuwa tunakaribia Wete, kwenye mteremko mrefu, mama aliposema, bila ya kugeuka, "Limekuwa zuri gari lako, Baba Mize."

Tulifika bondeni naye hakutia gia. Gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama katikati ya barabara baina ya mashamba ya mpunga. Aliweka mikono juu ya usukani, akaweka paji la uso juu ya mikono, akalia, mwanamume mzima, mabega yakimcheza. Mama akanyoosha mkono juu ya magoti yangu, akamgusa begani kwa ncha za vidole, akasema, "Washa, twende. Watu wanatungoja."

Baadaye madereva wengi wa upande wetu walikuja kutaka wafanyiwe kama vile, na baba aliwafanyia. Lakini kabla ya kugusa skrubu ya gari la mtu alikuwa na swali lake, na waliokuwa hawajui kisa walidhani ni uzee unaanza. Aliuliza, "Una mgonjwa popote?" Mtu akisema anaye, baba alimrudisha nyumbani na gari lake. Wazazi wangu waliishi pamoja mpaka mauti yalipowatenga, na kwa wema, lakini mama hakuanza tena habari yoyote ya kungojea kilima cha pili. Alizoea kusema mambo mafupi.

Mwaka jana mjukuu wangu alinichukua kwa gari lake kutoka Kengeja hadi Gando. Barabara ni lami, milima imechongwa, na gari halina kelele wala harufu. Nilikuwa sijamaliza kuhesabu tasbihi yangu tumeshafika. Njiani alinionyesha mshale wa mafuta, akasema, "Tazama bibi, hata haujashuka." Penye nyumba ya bibi yangu pamejengwa nyumba nyingine ya matofali, na anakaa mwanamke kijana, si jamaa yetu, ambaye alitukaribisha kwa heshima na akatuletea maji ya madafu. Akaniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia Kengeja.

"Kengeja!" akasema, akicheka kwa furaha. "Kumbe ni hapa hapa tu. Basi uwe unakuja, bibi."

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ni hapa hapa tu.