Mpimaji wa majengo anayeanza kazi umeme ukikatika

Saa mbili asubuhi, Mugunga, magharibi mwa Goma, umeme umekatika. Mafundi wengine wangerudi nyumbani. Joviale Nshobole ndiyo kwanza anaanza kazi.

Anaingia kwenye kituo cha uzazi kando ya barabara ya Sake, mkono mmoja umeshika tochi, mwingine umeshika kiuno, maana ana mimba ya miezi saba. Anapita chumba kwa chumba akitazama swichi. Hagusi kitu. Nyuma yake anafuata Mama Léoncie Umurerwa, muuguzi mkuu, amenuna kama mtu anayekaguliwa jikoni kwake na mama mkwe.

Kazi ya Joviale ni kupima jinsi majengo ya biashara na ya umma yanavyotumia umeme, kisha kuyapa cheti chenye daraja, kuanzia A kwa jengo linalotumia vizuri hadi G kwa linalofuja. Cheti hubandikwa mlangoni, kila apitaye akione. Hoteli ya ufukweni ikipata A, hukitia kwenye fremu. Ikipata F, ghafla mwenyewe anapenda maua, na chungu kikubwa kinawekwa pale pale mbele ya cheti.

Kwa kituo hiki cheti si pambo. Wanaokiuzia umeme wameahidi kukiunga kwenye laini isiyokatwa wakati wa mgao, mradi kipate angalau C. Mwaka jana Joviale alikipa E.

"Tunaimbaka naye kwaya moja," anasema Mama Léoncie. "Nikajua atanisaidia. Akanipatia E, na Dominika akakuja kukaa pembeni yangu kama vile hakuna kitu."

Joviale anacheka. "Mama Léoncie, ningekupatia C ya uongo, bangekuunga, na disjoncteur ingeendelea kuruka tu. Mutoto anazaliwa mu giza, na cheti kizuri iko ku mulango."

Disjoncteur ni swichi kuu, inayojikata yenyewe umeme unapozidiwa. Tatizo lilikuwa hapo, na tukubali, ni tatizo letu Goma nzima. Mji huu umezoea umeme wa kuja na kuondoka. Waasi walipoingia 2012 ulipotea. Volkano ilipolipuka 2021 ulipotea tena. Kwa hiyo ukikatika, hakuna anayezima kitu.

"Mutu anaachaka byote wazi, juu ajue kama courant imerudi," anaeleza Joviale. "Sasa inarudi: taa, rechaud ya kupikia, mashine ya kuchemsha byombo, friji ya chanjo, byote binanyakua pamoja. Disjoncteur inaruka. Munabakia mu giza, na jirani iko na mwanga."

Isiporuka, taa zinaangaza vyumba vitupu mchana kutwa. Ndiyo maana huanza kazi umeme ukiwa haupo. Saa hizo swichi zinaonyesha tabia za wenye jengo.

Ushauri wake wa mwaka jana ulikuwa mwepesi kusema, mgumu kufuata: iachwe wazi taa moja tu, ya mlangoni, iwe ndiyo mleta habari. Vingine vyote vizimwe. Wauguzi walimwona msumbufu.

Msumbufu ni kweli, na ana sababu. Wazazi wake walitoka upande wa Bukavu wakamlea mtaa wa Mapendo, hapa Goma, hadi lava ya 2002 ilipofunika nyumba yao. Baba yake alijenga tena kwa mawe ya lava hiyo hiyo. Binti akasomea umeme. Mei 2021, mji ulipoamriwa kuhama, alitembea hadi Sake akiwa na mimba ya kwanza. Alijifungulia sakafuni kwenye darasa, mumewe Théoneste akimmulikia kwa simu.

"Simu ikazimika mutoto hajalia bado," anasema. "Nikamusikia tu. Sura yake nikaiona asubuhi. Iliniuma, na ingali inaniuma."

Leo vita vimejaza kambi Mugunga, na akina mama waliokimbia kutoka Masisi na Rutshuru hujifungulia hapa.

Ukaguzi umekwisha, sasa ni kungoja. Karibu saa tano, taa ya mlangoni inawaka. Moja tu. Kwingine kimya. Muuguzi anainuka, anawasha friji ya chanjo, kisha chumba cha kujifungulia, kisha mashine ya kuchemsha vyombo. Mama Léoncie ameikodolea macho disjoncteur. Hairuki.

Joviale anasoma mita, anapiga hesabu, anainua kichwa. "C. Ingekuwa B, lakini ile rechaud ya chai mu bureau yako, Mama, inakula sana."

"Chai yangu uniachie," anajibu Mama Léoncie, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anacheka.

Vita vikitulia kwenye barabara ya Kibati, kaskazini mwa mji, Joviale atapanda kupima shule na zahanati za huko. Ana uhakika nyingi zitapata daraja baya, na ana uhakika zitarekebishika. Lakini kwanza kuna huyu wa tumboni. Namuuliza atajifungulia wapi.

Anaonyesha kwa tochi chumba cha kujifungulia, ambacho sasa hakihitaji tochi.

"Pale. Huyu nataka nimuone sura siku ile ile anazaliwa."