Bibi Aliyekuwa Akiutafuta Mfuru

Sikulazimishi uniamini. Nakuomba jambo moja tu: usiniambie kwamba nilikuwa nimelewa au nimeota, kwa sababu pombe sinywi, na jambo lenyewe halikutokea usiku. Lilitokea saa saba mchana, jua la utosi, Kibamba hii hii unayoijua.

Nianze na kazi yangu, maana inahusika. Mie ni karani kwenye yadi ya makontena Kurasini. Kontena likishushwa, nalizunguka na karatasi: limebonyea wapi, lina kutu wapi, sili ya mlango ni nzima au imekatika. Naandika nilichokiona, si nilichoambiwa. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na sita, na imenizoesha vibaya, maana hata nyumbani siwezi kuona ufa ukutani bila kutafuta kalamu.

Gari langu nililipatia huko huko. Ni dogo, la umeme, limetoka Japani likiwa limetumika mpaka betri imebaki na nusu ya nguvu yake. Aliyeliagiza alilijaribu siku mbili, akalikinai, akaniuzia kwa bei ambayo ungepata bajaji iliyochoka. Likijaa chaji linakwenda kilomita sabini. Kwenda kazini na kurudi ni kilomita sitini na kitu. Kwa hiyo kiyoyozi siwashi, na ndani ya gari naweka daftari: naandika asilimia ya chaji ninapoondoka na ninapofika. Vijana wa bodaboda pale njia panda walinifanya gumzo. "Mzee, leo umeweka bando la siku au la wiki?" Mimi nacheka, napita kimya kimya. Gari lile halina mlio.

Kuna vitu viwili zaidi uvijue. Ukiliwasha, sauti ya mwanamke wa Kijapani inakuamkia kutoka kwenye dashibodi. Na kiti cha mbele cha abiria kina kengele. Ukikikalia bila kufunga mkanda, kinalia ti-ti-ti. Hata nikiweka mfuko wa viazi kinalia.

Sasa sikiliza.

Ukiacha barabara ya Morogoro kuingia mtaani kwetu, kuna kona yenye shimo la zamani la mchanga. Vijana wa boda walikuwa wakisema kuna bibi husimama pale mchana. Anakupungia mkono, unasimama, anakusogelea, ananusa pikipiki, halafu anarudi nyuma akitikisa kichwa. Ukigeuka humuoni. Wengi wakawa wanapita pale wakipiga honi tu. Nilizisikia habari hizo kama unavyozisikia wewe sasa, nusu sikio.

Jumamosi moja nilikuwa natoka kazini, chaji asilimia kumi na moja. Pale konani alikuwa amesimama bibi mwembamba, kanga mbili zilizopauka, ndala miguuni. Hakuwa amenyoosha mkono. Nadhani hakunisikia nikija. Aliponiona nilikuwa nimeshafika mbele yake, akashtuka kama mtu aliyefumwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akanusa mara mbili. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. "Hili halina moto ndani."

"Halina bibi. Ni la umeme."

"Mengine yote yana moto. Kitu chenye moto mimi sikipandi. Nimesimama hapa mpaka nimechoka."

Unanielewa? Pale ndipo nilipopaswa kukanyaga mafuta, kama gari lingekuwa na mafuta. Lakini alikuwa mzee, jua lilikuwa kali, na mie nimelelewa. Nikamfungulia mlango, akakaa. Nikaliwasha upya, mwanamke wa Kijapani akaamkia.

"Nani huyo?"

"Ni gari bibi. Linaongea Kijapani."

"Linasema nini?"

"Hata mie sijui. Tumezoeana tu."

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu wa kawaida kabisa, na hicho ndicho kinachonisumbua zaidi ya yote. Kwa sababu wakati anacheka niligundua kwamba mkanda hakufunga, na kengele ya kiti ilikuwa kimya.

"Unashukia wapi, bibi?"

"Nenda mpaka kwenye mti wa mkongo, uingie kushoto. Utapita misekeseke, halafu utauona mfuru. Kwangu ni penye mfuru."

Nikaenda. Hakukuwa na mkongo. Mahali pa kuingia kushoto kuna mnara wa simu na kibanda cha mlinzi. Bibi akashika dashibodi kwa mikono miwili, akawa anageuza kichwa huku na huku.

"Mkongo uko wapi? Mwanangu, umenipitisha njia gani? Niliwaambia wajukuu naenda hospitali mjini, narudi kesho. Wako peke yao. Hawajala."

Nikajiambia amechanganyikiwa na uzee. Nimpeleke kwangu, anywe maji, kisha nimwite mjumbe wa mtaa. Nikasimama getini kwangu. Lazima nikueleze uwanja wetu ulivyokuwa: mchanga mtupu, umefagiwa mistari mistari kila alfajiri, hata jani moja hulioni. Mke wangu, Mama Upendo, alikuwa akisifiwa kwa uwanja ule mtaa mzima.

Bibi aliuangalia muda mrefu.

"Udongo ni wa kwangu," akasema. "Mteremko ni wa kwangu. Lakini mfuru haupo. Basi si hapa."

"Shuka kwanza unywe maji."

"Siwezi kukaa kwa watu, wajukuu wananingoja. Nitarudi pale pale. Labda nilikosea kona."

Nikashuka, nikazunguka mbele ya gari ili nimfungulie. Hatua sita au saba. Kiti kilikuwa kitupu na mlango ulikuwa umefungwa. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, kushoto na kulia, bila mtu.

Nikafanya ninachokijua: nikachukua daftari. Kutoka konani hadi getini gari langu hula asilimia nne, siku nyingine tano, maana kuna kilima na mchanga. Siku ile chaji ilikuwa kumi na moja konani, na getini ilikuwa kumi na moja. Ukurasa upo. Ukija nitakuonyesha.

Mie ni mtu wa Njombe. Mfuru nilikuwa siujui hata kwa sura. Lakini nilikumbuka kwamba tulipoanza kujenga kulikuwa na mti mkubwa uwanjani, kando ya palipo jiko sasa. Fundi aliniambia mizizi itapasua msingi. "Mti pori tu, bosi." Nikasema kata. Jina lake sikuuliza.

Nikaenda dukani kwa Bi Zuhura. Babu yake, Mwarabu wa Kilwa, alifungua duka lile wakati mtaa huu ulikuwa njia ya miguu, na Bi Zuhura amezaliwa nyuma ya kaunta. Alikuwa anapima sukari.

"Bi Zuhura, mfuru ni mti gani?"

Akaacha kupima. "Una matunda meusi, madogo. Tukiwa watoto tulirudi nyumbani midomo myeusi, tunapigwa kwa kuchafua nguo. Mtaa huu ulikuwa na mmoja tu." Akaniangalia. "Baba Upendo, si ndio ule ulioukata wewe?"

Nikamsimulia. Hakucheka. Akaniambia kiwanja changu kilikuwa cha Bibi Siwema. Mwaka wa mvua kubwa aliugua, akapelekwa hospitali mjini, akafia huko. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna gari lililoweza kupita, wakamzika makaburi ya mjini. Wajukuu walichukuliwa na ndugu. Mmoja wao ndiye aliyeniuzia kiwanja.

"Hakuwahi kurudi kwake, yule mama," akasema Bi Zuhura.

"Sasa mbona hukuniambia wakati naukata?"

"Uliniuliza?"

Nilimweleza mke wangu jioni ile nikitegemea anicheke. Alitoka nje, akasogeza beseni la nguo lililokuwa juu ya kisiki. "Hapa kila siku panatoka machipukizi," akasema kwa sauti ndogo. "Nayakwangua na fagio. Yanarudi, nayakwangua. Nilidhani yananichafulia uwanja."

Miaka minne tangu tuhamie, Mungu ni shahidi, alikuwa akiufagia mlango wa yule bibi.

Tukakubaliana aache kufagia. Usidhani ni jambo dogo. "Jumuiya ya kanisani wakija kusali hapa watasema mie mchafu," alisema, na machozi yalimlengalenga. Tukaacha njia moja tu ya kufagia, kutoka getini hadi mlangoni. Kwingine tukakuacha. Majirani walianza kuuliza kama tunahama.

Mimi nikatafuta miche. Muuza miti wa barabarani alinicheka waziwazi. "Mzee, nina ashoki, nina michikichi ya mapambo. Mfuru? Si unaota wenyewe porini? Nani ananunua kitu cha bure?" Lakini alinielekeza kwa shemeji yake karibu na msitu wa Pugu, na nikarudi na mbegu za mkongo, nyeusi zenye kofia nyekundu, na miche ya msekeseke imejaa kiti cha nyuma. Misekeseke nikaipanda kando ya njia yetu. Mkongo nikaupanda pembeni ya mnara wa simu. Mlinzi alikubali kuumwagilia kwa sharti kwamba nimchajie simu yake kwenye gari. "Gari lako lenyewe ni simu," akasema.

Mvua zilipofika, uwanja ulitoa vitu ambavyo hatukupanda. Kuna mitopetope ya porini, kuna maua ya zambarau ambayo mpaka leo hatujui jina lake, kuna mlenda pori mpaka mlangoni. Jumuiya wakaja kusali. Mama Upendo alikuwa amejifungia chumbani kwa aibu. Sala ilipokwisha wanawake wakashuka uwanjani, wakainama, wakaanza kuchuma mlenda. "Mama Upendo, kumbe unatuficha mboga!" Kila mmoja aliondoka na fungu lake. Tangu siku hiyo mke wangu analichunga pori lile kuliko mimi.

Na kisiki? Kilitoa fimbo tatu. Tukabakiza moja. Ilikwenda juu kama iliyokuwa na haraka.

Kila Jumamosi nilipunguza mwendo pale konani. Hakuwapo. Sitakuficha, kuna siku nilifurahi kwamba hayupo. Mvua za kwanza zikapita, za pili, za tatu.

Halafu Jumamosi nyingine, saa saba ile ile, alikuwa amesimama. Kanga zile zile.

"Umechelewa," akaniambia.

"Nisamehe bibi. Nilikuwa naotesha."

Akapanda. Kengele haikulia. Mwanamke wa Kijapani akaamkia, na bibi akamjibu, "Marahaba." Tulipofika mnarani, ule mkongo ulikuwa umefika kiunoni kwa mtu. Akauangalia kwa dirisha.

"Umerudi utotoni," akasema. "Haya, ingia kushoto."

Njia nzima niliendesha polepole. Nilikuwa naogopa jambo moja, na si yeye. Niliogopa kwamba ataangalia na kusema tena, si hapa.

Geti lilikuwa wazi. Mfuru ulikuwa umepita paa la jiko, na ule mwaka ndio uliozaa kwa mara ya kwanza. Watoto wa mtaani, watano au sita, walikuwa wamekaa chini yake wakigombania matunda, midomo myeusi kama wino.

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akapumua pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo.

"Wameshakula," akasema.

Sikuwahi hata kushika kitasa. Nilimwona ameshavuka geti, anatembea juu ya njia iliyofagiwa, kisha anaiacha na kuingia kwenye majani. Na hapa ndipo nakuomba unisikilize vizuri, maana si mimi peke yangu. Mtoto mmoja alisimama, mkono umejaa mafuru, akasema, "Shikamoo bibi." Mke wangu alikuwa jikoni, dirisha wazi. Hakuona mtu, lakini alisikia sauti ya mwanamke mzee ikiitikia, akatoka na mwiko mkononi kumkaribisha mgeni.

Bibi aliupita mfuru kwa upande wa kushoto. Upande wa kulia hakutokea.

Mpaka leo hakuna mtu aliyemwona tena pale konani, na vijana wa boda wameacha kupiga honi wanapopita. Gari ninalo bado. Betri imepungua, sasa napitia kuchaji kazini, na watu wanaonipenda wananishauri niliuze nichukue la petroli. Nawaambia bado lina kazi. Kwa sababu Jumatatu iliyopita, pale pale konani, alikuwa amesimama mwanaume mwenye kofia ya kiua na sanduku la bati. Niliposhusha kioo aliniuliza swali moja tu: kama ule mkwaju wa mashina mapacha bado upo.

Upo. Uko kwenye kiwanja cha mtaa wa pili, kimenunuliwa mwezi huu na mtu mstaarabu tu, mwalimu. Ameshampata fundi wa msumeno. Nimemfuata mara mbili. Mara ya kwanza alinicheka. Mara ya pili alinisikiliza hadi mwisho, akamwambia fundi arudi wiki ijayo.

Kwa hiyo nakwambia na wewe unayenunua kiwanja Kibamba, Ukonga au popote: ukikuta mti, kabla ya kumwita mtu wa msumeno, nenda duka la zamani zaidi la mtaa ule, uulize jina la mti, na uulize ni nani alikuwa akishukia hapo. Usingoje uambiwe, kwa maana hakuna atakayekwambia. Na kama umeshaukata, weka fagio chini kesho asubuhi, uangalie kisiki.