Mguu wa Shangazi

Shangazi yangu hakati nguo bila kumwona mwenye mwili. Mpelekee gauni la mfano, mtumie vipimo kwa simu, mwapie kwamba hujanenepa hata kidogo, atakutazama kwa jicho la pembeni na kusema, "Aje mwenyewe." Kwa miaka thelathini amekalia cherehani ileile ya kukanyaga, pale dirishani, na miguu yake inajua kuisimamisha sindano katikati ya mshono. Ndiyo maana nilikuwa nachukia kila aliposemwa kwamba hana mguu wa gari.

Utani huo aliuanzisha mumewe. Marehemu alikuwa pandikizi la mtu, mpimaji wa ardhi, aliyeitwa Mlingoti na kila aliyemfahamu. Kipenzi chake kilikuwa gari jekundu la spoti la viti viwili, la zamani kiasi kwamba vipuri vyake vilitafutwa kama dawa. Walipokuwa bado maharusi, alimfundisha Shangazi kuliendesha Jumapili mbili. Gia zikasaga, gari likaruka na kuzimika mara kumi na tisa, na mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mke wangu mkono anao, ila mguu hana!" Kila mgeni alisimuliwa. Shangazi alicheka pamoja nao, akamimina chai, na hakuugusa usukani tena kwa miaka ishirini na sita.

Mlingoti alipofariki, gari lilibaki chini ya turubai. Shangazi alilifuta vumbi kila Jumapili, na mara nyingine nilimkuta amekaa ndani peke yake, kiti cha abiria, mikono mapajani. Mwaka ulipopita akatangaza kwamba linauzwa. Gari la nini kwa mtu asiyeweza kuliendesha? Akaja daktari mmoja wa meno kulijaribu, akakanyaga klachi, waya ukakatika pa! na pedali ikalala sakafuni. Akasema atarudi Jumamosi saa nne; likiwa limetengenezwa, anaondoka nalo.

Nilijua Shangazi hataki kuliuza, na mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia. Akanijibu nishughulike na nyumba yangu.

Jumamosi asubuhi na mapema akaja Spana, rafiki wa marehemu na fundi wa gari lile tangu liliponunuliwa. Waya mpya alikuwa ameuning'iniza begani. Akafungua boneti, akajipenyeza chini ya usukani mpaka ikabaki miguu tu nje, akautoa waya mkuukuu, vipande viwili, ncha zimechanua kama ufagio. Ule mpya akaupaka grisi, akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini, akaunasa juu ya pedali, kisha upande wa pili kwenye mkono wa klachi. Halafu akaanza kukaza nati, huku akihesabu mizunguko kwa midomo. Ilipofika alipopataka, akaibana kwa nati ya pili isije ikalegea.

"Tayari, shemeji. Kama alivyoiacha mwenyewe."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mkanda wa kupimia shingoni. "Umepima kwa mguu wa nani?" akauliza.

"Vipimo vyake ninavyo kichwani. Mlingoti alipenda waya legevu. Na mguu wake ule! Aliizamisha pedali mpaka chini kabisa, ndipo klachi iachie."

"Na mguu usiofika chini kabisa je?"

Spana akakitazama kiti cha dereva, ambacho kimeganda kwa kutu nyuma kabisa tangu mimi nikiwa shule. Akavitazama viatu vya Shangazi, vidogo kama vya mtoto.

"Haitaachia," akasema taratibu. "Gia zitasaga. Litaruka, litazimika."

Mimi masikio yalikuwa yananiwaka moto, na kama si heshima ningemrushia spana zake zote barabarani.

"Shemeji, ulijua kwamba nilijifunza?" Shangazi akamuuliza.

"Nilijua. Na nilicheka." Akafuta mikono, akaendelea kuifuta ingawa ilikwisha takata. "Mimi kila mwenye gari namkalisha kitini kabla sijafunga nati. Wewe sikukukalisha hata siku moja. Nisamehe."

"Basi nikalishe."

Tukamwekea mto wa kochi mgongoni. Akawa anakanyaga, Spana anakaza nati kidogo kidogo. "Tena," Shangazi akasema, amefumba macho. "Tena. Hapo." Spana akahakikisha umebaki ulegevu wa upana wa kidole, klachi isije ikaungua, akafunga. Injini ikawashwa. Gia ya kwanza ikaingia kimya. Gari likatambaa hadi kiwanja cha mpira nyuma ya nyumba, Spana akitembea ubavuni na mkono mlangoni, mpaka akaachwa.

Saa nne kamili daktari wa meno alitukuta ukingoni mwa kiwanja. "Limepona?" akauliza. Nikamwonyesha kwa kidole. Lilikuwa linamaliza mzunguko wa saba.

Shangazi akasimama mbele yetu, akashusha kioo. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakujishughulisha kuyafuta.

"Daktari, samahani kwa usumbufu. Haliuzwi."

Mimi nilisubiri amtaje marehemu. Nilitaka amseme, amseme kweli, kwa zile chai zote. Akavuta pumzi, akakitazama kiti kitupu cha kando yake.

"Angekuwepo leo," akasema, "angekaa hapa."

Akakanyaga klachi, akaingiza gia, akaondoka.