Mtani wa Kiti cha Kushoto

Shemeji yangu Leodgar ni mwoga. Nasema hivi akiwapo na asipokuwapo, na hanibishii, maana mimi ni dada mkubwa wa mke wake na mdomo wangu anaujua. Alipokuwa akiendesha bajaji hapa Tabora mjini, abiria walishuka njiani wakapanda bodaboda, kwa kuchoka kumngoja avuke barabara. Alipopata Fuso ya kubeba tumbaku kutoka Sikonge, alifika wa mwisho kila siku, ila tumbaku yake ilifika yote. Mtu huyo ndiye aliyemwambia mdogo wangu Consolatha kwamba sasa anakwenda kuendesha semi-trela, Tabora mpaka Dar es Salaam.

Si kwamba alipenda. Mwenye Fuso alikuwa ameiuza, watoto wako shule, na kazi nyingine haikuonekana. Mitesh, mjukuu wa marehemu mzee Kanji wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anatafuta dereva wa lori lake la saruji. Leseni Leodgar alikuwa nayo, lakini Mitesh hampi mtu lori kwa sababu ya leseni. Dereva mpya huenda safari moja na Mzee Adinani, dereva mkongwe wa duka lile. Mpya anashika usukani, mzee anakaa kiti cha kushoto, na wakirudi Mitesh humuuliza mzee swali moja tu: "Anafaa?" Mzee akisema hafai, basi, hakuna wa kumkatia rufaa. Waliokataliwa walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya kumtisha Leodgar.

Walipokutana mara ya kwanza kwenye ua wa duka, Leodgar akaamkia, "Shikamoo, mzee." Mzee hakuitikia. Akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza ni kabila gani.

"Mnyamwezi, mzee. Kwetu Puge."

Adinani akapiga kofi paja lake. "Alhamdulillahi! Mpagazi wangu amekuja kwa miguu yake mwenyewe!"

Mzee yule ni Mzaramo wa Kisarawe, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walishuka Pwani wakiwa wapagazi wa misafara ya pembe, mizigo kichwani, wakapita kwao, wakala kwao, wakagombana nao, wakazikana nao, na utani ukabaki. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakamata kuku wako, akacheka msibani kwako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ruhusa uliyonayo ni moja, kumjibu kwa utani mkali kuliko wake. Ukinuna umeshindwa, na watu watakusimulia.

Mimi wangenipa mzee yule siku moja tu, angerudi Kisarawe kwa miguu. Lakini Leodgar hana mdomo. Mtu akimtania, yeye hutabasamu na kutazama chini.

Wakaondoka. Kila kosa lilikuja na tusi lake. "Mnyamwezi, huo ni usukani, si mzigo wa kichwani, hauanguki!" "Hiyo inayolia ni gia au ni wewe?" "Ukiniua, nitafufuka nikadai ng'ombe kwenu Puge, na nitachagua mwenyewe." Nikimtendea haki mzee, ndani ya kila tusi mlikuwa na somo, na somo zuri. Ila Leodgar alikuwa amebanwa na hofu kiasi kwamba tusi aliliona na somo hakuliona. Baya zaidi, akawa hawezi kuuliza. Alipouliza mara moja ni wapi pa kuanza kupunguza gia, mzee alimjibu, "Babu yako alibeba jino la tembo mpaka Bagamoyo hakuuliza swali hata moja." Baada ya hapo hakuuliza tena. Alikuwa akiogopa lori, sasa akaogopa na ulimi. Akimpigia mke wake simu, neno lake lilikuwa moja, "Niombeeni," na Consolatha alikuwa akija kwangu analia, na mimi nilikuwa namfokea ili asione kwamba naogopa kama yeye.

Wakapakia saruji Dar, wakageuza kurudi. Njia fupi ya kuja kwetu siku hizi ni ya Itigi, unatokea Nyahua, lakini nusu ya mzigo ilikuwa ya kushushwa Igunga. Kwa hiyo walipita Singida, na ukipita Singida kuja Igunga, lazima ushuke mlima Sekenke. Aliyewahi kuushuka na basi anajua watu wanavyonyamaza pale. Wakati wa kwenda mzee alitaka wapite hukohuko ili mpya aione njia, wakaupanda tela likiwa tupu, na Leodgar aliona chini ya kona moja mabaki ya lori, kichwa kimebonyea, kutu imekula milango. Hakumwambia mzee kwamba ameliona. Toka siku hiyo alikuwa anaendesha kuelekea Dar, lakini moyo wake ulikuwa umeshabaki kwenye ile kona.

Walilala Singida. Asubuhi, kabla ya kuondoka na mzigo, dereva anatakiwa kuingia uvunguni na spana akaze breki, gurudumu kwa gurudumu, kwa sababu zikilegea unakanyaga pedali na gari halishikiki. Mzee alikwenda kunywa chai na madereva wengine kwenye banda la jirani, akamwachia kazi hiyo. Leodgar alikaza za kichwa vizuri. Alipoingia chini ya tela akakuta boliti za namna nyingine, zimeshika kutu, na hakujua azizungushe mpaka wapi. Ukikaza mno breki zinaungua, ukikaza kidogo hazishiki. Akalala chali na spana kifuani, saruji yote ile iko juu yake, anasikiliza vicheko vya bandani. Ni swali dogo. Lakini aliwaza, nikitoka hapa nikauliza, nitachekwa na Singida nzima.

Mzee akapaza sauti kutoka bandani, "Mnyamwezi! Breki umezikaza, au umelala huko unangoja upagazi uishe?"

Na huyu shemeji yangu, ambaye hajawahi kumjibu mtu maishani mwake, siku hiyo akajibu. "Nimezikaza, Mzaramo! Nimebakiza mdomo wako tu, spana yake bado haijatengenezwa!"

Banda zima lilipasuka. Dereva mmoja alimwaga chai. Mzee Adinani alicheka mpaka akavua kofia ajifute machozi. "Leo amenibwaga! Mpagazi amenibwaga! Mleteeni chai!" Leodgar akatoka uvunguni akapewa chai na kupigwa mgongoni, na kwa muda wa kikombe kile kimoja hakuogopa kitu. Sasa utamwambiaje mtu aliyecheka kwa furaha namna ile kwamba hukukaza? Mzee alikuwa amekwisha kupanda kiti cha kushoto. "Twende, bingwa."

Njia nzima hofu ilirudi taratibu. Walipofika juu ya Sekenke, pale malori yanaposimama kabla ya kushuka, Leodgar aliegesha. Akaona heri aseme.

"Mzee, breki za tela sikuzikaza."

Mzee Adinani akamgeukia. Halafu akaangua kicheko. "Sasa umenoga! Asubuhi umeonja ushindi, umeshakuwa mlevi!"

"Kweli, mzee. Sikuzikaza."

"Na mimi sikuvaa suruali. Shuka mlima, Igunga wanangoja saruji."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Leodgar mpaka leo. Alitakiwa azime injini, atupe funguo porini, alie kama mtoto, lolote. Yeye aliwaza kwamba mtu aliyeushuka mlima huu miaka yote hiyo akicheka, labda jambo lenyewe si kubwa. Tena kulisema mara ya tatu kungekuwa kununa. Akaweka gia ndogo, akafanya ishara ya msalaba, akaachia.

Mwanzo gari lilikwenda vizuri. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki, kichwa kikashika, tela likaendelea kusukuma. Alilisikia mgongoni, anasema, kama ng'ombe anayekusukuma kwenye mlango wa zizi. Akakanyaga tena, pedali ikashuka zaidi. Injini ikaanza kupiga kelele. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mbele, chini, basi lilikuwa linapanda.

Leodgar akangoja tusi. Alitaka atukanwe. Badala yake akasikia sauti tulivu, ya chini, ambayo hajawahi kuisikia kwa mzee yule: "Leodgar, mwanangu. Nisikilize."

Ananiambia mkojo ulimtoka hapo, si kabla. Katika safari yote hakuwa ameitwa jina lake. Alipolisikia akajua wanakufa.

"Usiguse klachi, baba. Gia usiitoe hata ikilia. Breki kanyaga mara moja, kwa nguvu, achia. Ngoja. Tena. Vizuri. Basi liache lipite, kaa upande wako. Lipite. Haya. Unaona ule mtaro kushoto, chini ya ukingo wa mlima? Weka gurudumu la mbele humo. Polepole, mwanangu. Ulalie mlima. Upande wangu, ndiyo. Upande wangu."

Leodgar akaulalia mlima. Kioo cha kushoto kilikatika kwanza, kisha mlango wa mzee ukaanza kukwaruzwa na mawe, vumbi na vipande vya rangi vikiruka dirishani, na mzee hakusogea kuja kulia, aliendelea kusema polepole, polepole. Tairi likapasuka. Mifuko ya saruji ikalipuka nyuma. Lori likajikokota, likajikokota, likasimama.

Kisha mzee akatokea mlango wa dereva, kwa sababu wake haukufunguka, akaingia uvunguni mwa tela bila kutandika hata gunia. Alikaa huko sana. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kufukua kaburi.

"Uliniambia," akasema.

Leodgar akaokota jiwe, akaliegemeza kwenye gurudumu.

"Uliniambia mara mbili."

Mzee akakaa kwenye jiwe. Madereva wawili waliokuwa nyuma wakasimama, wakasaidia kuweka mawe kwenye magurudumu na kubadilisha tairi. Wakangoja breki zipoe. Kisha mzee akamwita Leodgar, wakaingia wote wawili chini ya tela, wakalala bega kwa bega. "Zungusha mpaka igome. Imegoma? Sasa rudisha nusu mzunguko. Basi, ndiyo hiyo tu." Gurudumu kwa gurudumu, bila utani hata mmoja. Leodgar anasema alitamani kulia, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi kile.

Mlima ulikuwa bado haujaisha. Sehemu kubwa ilikuwa mbele yao, pamoja na ile kona. Leodgar akamnyooshea mzee funguo.

Mzee akazitazama. "Mimi sishushi," akasema. "Magoti hayapo. Nikikanyaga pedali, mguu utacheza."

"Mzee, hata mimi naogopa. Naogopa sana."

"Najua. Unaogopa nini? Nitajie kimoja kimoja."

Leodgar akataja. Kwamba breki zitashuka tena. Kwamba gia itagoma. Kwamba kwenye kona hatajua ashike upande gani. Kwamba kuna lori bovu kule chini na haliangalii bila kuona uso wake ndani. Kila alilotaja, mzee alimjibu, kwa maneno yaleyale anayoyatumia mtu kumwelekeza mgeni njia. La mwisho tu hakulijibu. Alisema, "Hilo hata mimi naliona hivyo hivyo. Dereva wake nilimfundisha mimi."

Wakapanda. Leodgar akashusha lori kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Malori ya nyuma yalipiga honi mpaka yakachoka. Kila kona aliuliza, "Hapa, mzee?" na mzee akajibu, "Hapo." Nikimuuliza leo kama hofu ilipungua hata kidogo, ananiambia haikupungua mpaka walipoiona Shelui, chini ya mlima.

Pale Shelui mzee akaomba wasimame. Akampigia Mitesh simu, akaweka sauti ya nje Leodgar asikie. Akamweleza kioo, mlango, tairi, na mifuko iliyopasuka. Mitesh akapumua kwa hasira, kisha akauliza lile swali lake.

"Huyo mtu anafaa?"

"Anaogopa," akasema Mzee Adinani.

"Sasa kama anaogopa..."

"Aliniambia kweli, bosi, mara mbili, nikamcheka. Yeye mpe gari." Akaugusa mlango wa upande wake, ule usiofunguka tena. "Mimi nitafutie kazi ya kukaa dukani."