Springi za Mgongo wa Mama

Gari lililomwondoa mama yangu Rubondo nililitengeneza mimi, kwa mikono hii, na nilipomaliza nilijisifu. Sijui kama nitamsamehe kaka yangu. Watu wa jumuiya yetu ya kanisani wananiambia nimsamehe, nami nawaitikia amina kwa kuwa ndicho wanachotaka kusikia.

Sisi ni Warundi tuliokulia Bujumbura. Tulipoingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, wakatupa kiwanja upande wa Rubondo, tulikuwa wanne; baba tukamzika hapa, tukabaki mama, kaka yangu mkubwa na mimi. Miaka ya karibuni kwenye kila kisima ni habari za kurudi nyumbani tu, na kaka akashikwa na homa hiyo. Mimi nilikataa. Nilikuwa na sababu zangu, na sababu hizo hazijaondoka. Tulibishana mpaka mama akachoka. Siku moja aliweka sahani yake chini, akasema, "Mukipatana nyinyi wawili, nitapanda motokari. Musipopatana, nabaki hapa na baba yenu."

Kuanzia siku hiyo kaka hakuligusa tena jambo hilo. Mjinga mimi nikadhani yamekwisha.

Kaka alikuwa na Noah kuukuu ya gia za otomatiki, ya kupeleka maharage na mahindi Kaberebere, na siku nyingine Mbarara. Mimi nilikuwa fundi katika gereji moja ya Biharwe. Siku za kazi nililala hukohuko, nikirudi Rubondo Jumamosi. Jumamosi moja akaniambia gari linateleza. Nikaliendesha. Kweli, kila lilipotoka gia ya kwanza kwenda ya pili injini ilipiga kelele kwanza, gari likasitasita, ndipo gia ikashika.

"Tununue bwati ingine?" akaniuliza. Bwati ndiyo gia boksi, kwa Kiswahili chetu cha Bujumbura.

Nikamwambia gia boksi ya mtumba ni bahati nasibu, unaweza kununua ugonjwa wa mtu mwingine. Yake ilikuwa bado nzima, maana mafuta hayakuwa na harufu ya kuungua. Shida ilikuwa nguvu ya mafuta yanayosukuma gia. Kuna pakiti ndogo mafundi wa Mbarara wanaiita shifti kiti. Ndani yake mna springi, goroli kadhaa na bati jembamba lenye matundu mapana. Ukivifunga humo ndani, mafuta yanasukuma kwa nguvu na gia inashika papo hapo.

Tulikwenda mjini kuichagua pamoja. Muuza spea alikuwa mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha jeshini.

"Nyinyi nataka ya mzigo ama ya familia?"

"Ya muzigo," kaka akajibu upesi.

"Ya mzigo iko na nguvu, ssebo, lakini inapiga teke. Mtu ya nyuma atasikia."

"Maharage hayasikii," kaka akasema, tukacheka wote watatu. Muuzaji akatupa pakiti yenye springi za aina zote mbili, ngumu na laini, fundi achague mwenyewe.

Kazi niliifanyia uani kwetu. Nilipandisha gari juu ya stendi nilizoazima gereji, nikamwaga mafuta mekundu, nikashusha kile kipande cha chuma chenye vijia vya mafuta ambacho ndicho kinachoamua gia gani ishike na lini. Mama alinipa sinia lake la kuchagulia mchele ili nipange vitu. Nilivipanga kwa utaratibu wa kuvitoa, naye akakaa kando kuyafukuza makuku. Nilimkataza kufuta chochote kwa kitambaa, kwa sababu uzi mmoja ukiingia kwenye vijia hivyo kazi yote ni bure. Akashika mikono yake nyuma kama mtoto aliyekatazwa sukari. Nilikuwa na furaha siku ile. Nasema hivyo kwa sababu ndicho kinachoniuma zaidi.

Nikafunga springi ngumu, za mzigo. Kesho yake baada ya misa tukatoka kulijaribu, na kaka akashikilia kwamba mama lazima apande. Nyuma, si mbele. Gia ya pili iliposhika, ilipiga teke kwelikweli.

"Yesu! Mugongo wangu!" mama akalia.

Mimi nilifurahi kwa kuwa gia imeshika. Tuliposimama Kaberebere, kaka akanivuta kando.

"Mudogo wangu, weka zile laini."

"Za familia? Tangu lini maharage yanaumwa mgongo?"

"Siku ingine mama ataenda nayo hospitali." Akatazama barabara. "Ukiweka laini, itavumilia siku muzima? Kwenye milima?"

"Itavumilia hata mpaka Bujumbura," nikamjibu.

Nilikuwa natania. Mwenzangu hakucheka, na mimi sikuona.

Jumamosi iliyofuata nikafungua tena kila kitu, nikamwaga tena mafuta, mama akaleta tena sinia lake ingawa sasa lilinuka na mchele ulikuwa umehamia kwenye ungo. Springi laini nikaiweka kwenye gia ya pili, ngumu nikaiacha kwenye ya tatu. Tulipolijaribu, mama alisema hajasikia kitu. Nilitembea uani kifua mbele kama jogoo.

Jumamosi baada ya hapo nilikuta kufuli mlangoni. Ufunguo alikuwa nao mama jirani, na alinitazama kwa mshangao.

"Walienda tangu Jumatano, wamepitia Tanzania. Weye si ulijua?"

Ndani palikuwa patupu. Waliniachia kitanda changu na lile sinia, kwa sababu nani atabeba sinia linalonuka gia boksi? Simu ya kaka haikupatikana. Nilimtukana humo ndani peke yangu, kwa Kirundi na Kiswahili, mpaka sauti ikakauka.

Ilipita wiki na zaidi ndipo namba ngeni ya Burundi ikapiga. Alikuwa mama. Akanipa habari za nyumba, za mvua, za shangazi aliyekuwa bado hai.

"Na motokari ilipanda vizuri," akasema. "Mugongo haukuniuma. Kaka yako aliponiambia mumepatana, nilimubishia. Akaniambia, 'Kama mudogo wangu hataki uende, mbona amefungua bwati mara mbili juu ya mugongo wako?' Nikaona ni kweli. Nikapanda."

Nilifungua mdomo nimwambie hatukupatana kamwe. Nyuma yake nilimsikia kaka akikohoa, kikohozi chake kilekile, amesimama pale anasubiri nitasema nini. Mama analala kwenye nyumba ya kaka, anakula mkononi mwa kaka, na hana gari la kumrudisha.

"Lakini, mwanangu," akasema, "mbona hukuja kuniaga?"

"Kazi ilikuwa mingi, mama. Unisamehe."

Akaniambia ameshanisamehe siku nyingi.