Mama Aliyeogopa Wembamba Wangu

Mume wangu alikufa akiwa mnene. Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu Mabira wengi waliokuja msibani hawakuweza kulielewa. "Juzi tu nimemwona sokoni, amenawiri!" walisema, wakiketi kwenye nyasi tulizotandaza sebuleni. Walirudia neno hilo, amenawiri, kama watu wanaomtetea mbele ya kifo. Asubuhi ile alikunywa chai yake, akasimama kufungua mlango, mdomo ukapinda upande mmoja, akaanguka. Kiharusi. Tulimfikisha hospitali akiwa anapumua, tukarudi naye akiwa hapumui.

Kutoka sebuleni hadi kaburini, kule nyuma kwenye migomba, si mbali. Hata hivyo wanaume walilibeba jeneza kwa kupokezana, na walioachia walisimama kando wakishika viuno. Niliitazama mishipa ya shingo zao na nikajua wanachokijua.

Hakuwa hivyo tulipooana. Alikuwa mwembamba, miguu yake migumu kama mpini wa jembe. Alinunua kahawa kwa wakulima, kilima hadi kilima, kwa miguu, gunia likiwa kwenye baiskeli ya kusukuma. Kisha tukapata pikipiki. Sisemi pikipiki ilimuua. Nasema tu kwamba tangu siku ile hatukutembea tena, yeye wala mimi. Dukani, ambako ukiita unasikika, tulikwenda kwa pikipiki. Kanisani kwa pikipiki. Kutazama migomba ya upande wa pili wa kibanja, shamba letu la nyumbani, kwa pikipiki. Na chakula nacho kikabadilika. Mama zetu walipika ndizi na maharage kwa maji na chumvi. Mimi nilikaanga kwanza, mafuta yakaelea juu. Soda ilikuwa ya wageni, ikawa ya Jumapili, ikawa ya kila siku. Chapati asubuhi, chapati jioni. Kitambi chake kilipotokeza, watu walianza kumwita bosi, na mimi waliniambia, "Unajua kutunza mume." Nilifurahi. Na mimi nilipojaa hadi nikawa natoka kitini kwa kusukuma mikono, waliniambia, "Na yeye anakutunza." Nilifurahi zaidi.

Mama yake mzazi anaishi kwenye kibanja hichohicho, nyumba yake ndogo iko chini kidogo ya yetu. Umri wake hakuna aujuaye. Ni mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka, na hajawahi kupanda pikipiki. Anasema kitu kisichokula nyasi hawezi kukiamini. Alfajiri nikitoka nje namkuta tayari anatoka bondeni na maji. Anakula maharage, ndizi kidogo, majani ya maboga, basi. Miaka yote hiyo nilimwona bila kumtazama.

Lakini huyohuyo ndiye aliyetulisha. Alipoingia kwetu alifunua masufuria. Akiona sahani yangu haijajaa, alichukua mwiko akaijaza mwenyewe. Na alikuwa na sababu. Watoto wake wakubwa, kaka na dada wa mume wangu, waliondoka nyumbani miaka ile UKIMWI ulipokuwa ukizoa watu Kagera, kabla dawa hazijafika. Walirudi kwake wamekonda. Aliwauguza kwenye ile nyumba ndogo, akawalisha uji kwa kijiko, akawaona wakipungua kila siku mbele ya macho yake hadi wakaisha. Kwa hiyo alipokuwa akimtazama mwanawe huyu wa mwisho ameketi kivulini, shati limebana tumboni, alikuwa akicheka peke yake. "Wembamba nimewazika," alituambia siku moja. "Mnene sijawahi kumzika."

Baada ya kumzika huyu hakulisema tena neno hilo. Lakini sahani aliyoniwekea wakati wa matanga haikupungua, iliongezeka. Majirani walileta ndizi zilizopikwa, zikiwa bado zimefunikwa kwa majani ya mgomba, na desturi ni kwamba mfiwa halimi wala hapiki, anakaa tu. Nilikaa. Nilikula. Nilikuwa nalia na kutafuna kwa pamoja, na sijui kwa nini niliandike hilo isipokuwa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Matanga yalipokwisha nikaanza kuumwa kichwa kisichosikia dawa. Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi alinifunga ule mpira mkononi, akatazama, akaufungua, akaufunga tena. Presha ilikuwa juu sana. Alinitoa damu akapima kila kinachopimika pale: sukari ilikuwa inakaribia ubaya, virusi sina. Akaniuliza mume wangu alikufa na nini. Nilipomjibu, aliweka kalamu chini.

"Mama, wewe uko kwenye njia ileile," akasema.

Nikamuuliza kama niache ndizi, maana bila ndizi sisi tunahesabu kwamba hatujala.

"Usiache ndizi. Acha mlima wa ndizi."

Akanipa vidonge, akaniambia nipunguze mafuta na sukari, na nitembee kila siku mpaka jasho linitoke. Nikatoka nje. Dereva wa bodaboda aliyenileta alikuwa ananisubiri, amekwisha washa. Nikamwambia aende, leo narudi kwa miguu.

"Mama, umekasirika?"

"Hapana. Nimeambiwa nitembee."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Basi asante kwa niaba ya tairi langu la nyuma," akasema, akaondoka anacheka. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Sikufika mbali. Nilikaa kando ya njia mara nyingi, moyo unapiga hadi masikioni. Lakini kesho yake nilitoka tena, na kesho kutwa. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho hata leo sijui niseme nini juu yake. Niliishi miaka mingi kwenye vilima hivi nikivitazama juu ya bega la mwanamume anayeendesha. Sasa nilikuwa naona ukungu umelala bondeni na ncha za migomba zimetokeza kama watu wanaooga. Nilisikia harufu ya kahawa inapochanua, jambo dogo, maua meupe tu, lakini nilisimama pale nikashika kifua. Vyote hivyo vilikuwapo. Na mwili wangu ulikuwapo. Wiki baada ya wiki ulikubali kidogo zaidi. Kilima kilichonikalisha mara nyingi kikawa kinanikalisha mara moja, kisha siku moja nikajikuta juu, nimesimama, sijakaa hata kidogo, na nikageuka nyuma kutazama njia kwa sababu sikuamini kwamba nimepita huko. Nilimfikiria mume wangu. Nilifikiri kwamba na ndani yake mlikuwa na mwili wa namna hii, unaosubiri kuamshwa, na sisi tuliupeleka dukani kwa pikipiki.

Nguo zikaanza kupwaya. Nilizikunja kwa pini, sikufikiria zaidi. Wengine walifikiria.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibada, tumesimama nje tunasalimiana. Mwenzangu mmoja wa kwaya akanishika kiuno.

"Jamani, umekwisha! Mume ameondoka na minofu yako?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Nikasema natembea, nimepunguza mafuta.

"Unatembea," akasema mwingine, taratibu. "Sawa. Sote tunatembea." Hakucheka.

Nikaona wanatazamana. Hapa kwetu mtazamo ule unaujua hata mtoto. Siku hizi watu wanameza dawa, wananenepa, wanalima, wanazeeka; wenye virusi wengi hawakondi tena. Lakini macho yetu yalifundishwa miaka ile na hayajafundishwa upya. Mtu akipungua, na hasa mjane akipungua, hesabu inafanywa haraka: basi mume hakufa kwa kiharusi.

Siku chache baadaye kikundi cha maombi kilikuja nyumbani. Walileta maziwa, mayai ya kuchemsha na chupa ya uji mzito. Hawakuuliza kitu. Walikuwa wapole mno, na upole ule ndio ulionitisha. Mmoja akaomba Mungu awape nguvu wanaobeba siri nzito. Mama mkwe alikuwa amekaa nyasini karibu na mlango, kichwa chini. Walipoondoka hakuinuka. Aliweka yai mkononi mwangu.

"Kula."

"Mama, nimeshiba."

"Kula, mwanangu. Nakuomba." Sauti yake ilikuwa imekatika. Katika msiba wa mwanawe sikumsikia hivyo.

Nikala. Akasubiri nimeze, kisha akasema kwamba ananiuliza kama mzazi, na lolote nitakalomjibu hatanitoa kwenye kibanja chake.

Nikamwambia nilipima. Nikamwambia ni presha, na muuguzi ndiye aliyesema nipungue. Nikaapa.

"Na wale wanangu waliniambia ni malaria," akasema. "Waliapa pia. Walikuwa wananihurumia."

Ningemletea karatasi gani, yeye ambaye hasomi, na ambaye kusikia kwake kulikwisha danganywa na watoto wake wawili kwa upendo? Usiku na mchana alikuwa ananiona nikipungua, na kwake kulikuwa na mwisho mmoja tu wa kupungua. Nikafikiri, nitaacha. Nitakula anachonipa, ninenepe, apumzike. Kisha nikakumbuka mdomo uliopinda. Nikiendelea kutembea namuua kwa hofu. Nikiacha, atanizika na mimi.

Asubuhi iliyofuata alikuja na miundu miwili na kamba.

"Twende mlimani tukakate nyasi za kutandaza kwenye kibanja."

Kazi hiyo huwa anaifanya peke yake au na vibarua. Mlima wenyewe uko nyuma ya bonde, umesimama kama ukuta, na nilikuwa sijaupanda tangu nilipoolewa. Nikachukua mundu. Alinitanguliza. Kila nilipogeuka nilikuta macho yake yako kwenye miguu yangu, kisha mgongoni, kisha shingoni. Nilielewa kabla hatujafika nusu. Alikuwa hatafuti nyasi.

Kuna sehemu njia inapita jiwe kubwa bapa, watu hupenda kuketi pale. Nilikuwa nahema, jasho linaniingia machoni.

"Hutaki kupumzika?" akauliza.

"Ukitaka wewe, mama."

"Mimi sijachoka."

"Basi twende."

Nikasikia hatua zake zimesita nyuma yangu, muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha zikaendelea. Tukafika juu. Upepo ulikuwa mkali. Tulikata nyasi hadi mgongo wangu ukawaka, akafunga mzigo wake, kisha akafunga wangu, akaujaribu kwa mkono, akaongeza nyasi, akaufunga tena. Ulikuwa mzigo wa mtu mzima mwenye afya. Akanitwika. Shingo ilizama mabegani, nikayumba, nikasimama.

"Zunguka," akasema.

Nikazunguka na mzigo wangu kichwani, kama ndama anayeonyeshwa mnadani. Yeye alisimama ananitazama, mwanamke yule mrefu, mikono imening'inia, na nikaona machozi yanashuka bila uso wake kubadilika. Akanitua mzigo. Akaweka kiganja chake kifuani pangu, akakiacha pale. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu, na nilihisi naye anausikiliza.

"Wale walikuwa hawapiti lile jiwe," akasema. "Nilikuwa nawaleta huku juu wapigwe na upepo. Walikuwa wanakaa pale jiweni, wananiambia, mama, tutapanda kesho. Nikawa nawabeba mgongoni. Mtoto mkubwa, miguu inaburuta. Alikuwa mwepesi kuliko huu mzigo wa nyasi."

Nilimtazama yule mtu mwembamba, na miguu yake iliyopasuka kisigino, na nikafikiri juu ya yote ambayo miguu ile imebeba kupanda na kushuka mlima huu, bila mtu kumpa sifa, wakati sisi tulikuwa tunasifiwa kwa kukaa. Nilitaka kupiga magoti. Kwa kweli nilipiga, kama tunavyomsalimia mkubwa, nikamshika mikono.

"Mama, sifi," nikamwambia. Halafu nikasahihisha, kwa sababu sikutaka kumwongopea hata kidogo. "Sifi na ule ugonjwa."

"Na huu mwingine?"

"Huu mwingine ndio ninaoukimbia."

Akafuta uso kwa ncha ya khanga. Akatazama upande wa vibanja vyetu, chini kabisa, mabati yanayong'aa katikati ya kijani.

"Basi pungua," akasema. "Lakini usipungue kimyakimya. Ukipungua, uje uniambie kwanza. Nisiwe naona tu kwa macho."

Akanitwika tena, akajitwika wake, na safari hii alitangulia yeye.